Viwango vya kimataifa vya kazi vilitoka wapi, na kwa nini malalamiko yako hayaanzii Geneva

Kila mwaka Mei Mosi inapokaribia, ofisi za kazi hupokea malalamiko mengi kuliko miezi mingine, na kwa muda sasa mengi kati yake yamekuwa yakija kwa mtindo mmoja. Mfanyakazi anaandika kwamba mwajiri wake amevunja "sheria ya ILO ya saa 8", yaani ya Shirika la Kazi Duniani lenye makao yake Geneva, anaambatisha kurasa alizochapisha kutoka mtandaoni, kisha anaomba suala lake lipelekwe Geneva moja kwa moja. Upande wa pili wapo waajiri wanaomjibu mkaguzi kwamba viwango vya kimataifa ni mambo ya wafadhili, yaliyoletwa juzi kwa shinikizo, na kwamba kiwanda chao kinafuata sheria za nchi tu. Tunaamini kwamba wote wana nia njema, lakini wote wamekosea, na kosa lao lina chanzo kimoja: hawajui viwango hivi vilitungwaje, na kwa utaratibu gani vinapata nguvu ya kumbana mtu.

Wazo la kuwa na kanuni za kazi zinazovuka mipaka ya nchi ni la zamani kuliko Umoja wa Mataifa na kuliko Shirika la Kazi Duniani lenyewe. Mwaka 1818 Robert Owen, mwenye kiwanda cha pamba huko New Lanark, Uskoti, aliwaandikia wakuu wa mataifa ya Ulaya waliokutana Aix-la-Chapelle, akiwasihi wawakinge wafanyakazi wa viwandani. Hawakumjali. Miongo miwili baadaye Daniel Legrand, mwenye kiwanda katika eneo la Alsace, alianza kuzitumia serikali za Ulaya waraka baada ya waraka, akitaka zikubaliane sheria moja ya kazi, na hakuacha hadi miaka yake ya mwisho. Alifariki mwaka 1859. Naomba msomaji azingatie kwamba wote wawili walikuwa waajiri. Mwajiri aliyetaka kuwaondoa watoto mitamboni au kupunguza saa za kazi aliona wazi kwamba akifanya hivyo peke yake bidhaa zake zitakuwa ghali, na jirani yake ng'ambo ya mpaka, anayefanyisha watu kazi usiku na mchana, atamnyang'anya soko. Nchi nazo zilikuwa na hofu hiyohiyo. Huruma ilikuwamo, tena ya dhati, lakini hoja iliyozishawishi serikali ilikuwa ya ushindani wa haki, na mwajiri wa leo anayesema viwango hivi vilibuniwa kumkomoa anapaswa kulijua hilo.

Uswisi ndiyo iliyolibeba suala hili kama serikali. Baada ya kutunga sheria yake ya viwanda mwaka 1877, iliyoweka siku ya kazi ya saa 11, ilianza kuzishawishi nchi nyingine zikubali mapatano ya pamoja, na ilikuwa imeshaandaa mkutano Bern pale Kaisari Wilhelm wa Pili wa Ujerumani alipoamua kuuitisha yeye, Berlin. Mkutano huo ulifanyika Machi 1890, na Kansela Bismarck, ambaye hakuupenda, alijiuzulu wakati wajumbe wakiwa bado vikaoni. Walijadili kazi za migodini, mapumziko ya Jumapili, kazi za wanawake na umri wa watoto. Walikubaliana mengi, lakini kila walichokubaliana kilitamkwa kwa lugha ya kutamani: ingefaa watoto walio chini ya miaka 12 wasifanye kazi viwandani, ingefaa katika nchi za kusini umri huo uwe 10. Hakuna nchi iliyofungwa na neno hata moja, hakukuwa na ofisi ya kufuatilia wala tarehe ya kutoa taarifa. Kwa sisi tunaosimamia utekelezaji, Berlin ni funzo kubwa, kwa sababu inaonyesha kwamba azimio lisilo na mtu wa kulifuatilia halimfikii mfanyakazi.

Hatua iliyofuata ilichukuliwa na wanazuoni, maofisa na wanamageuzi waliounda, mjini Paris mwaka 1900, Jumuiya ya Kimataifa ya Sheria za Kazi. Mwaka uliofuata jumuiya hiyo ilifungua ofisi Basel, Uswisi, chini ya Stephan Bauer, na kazi ya ofisi hiyo ilikuwa ya kukaa na karatasi: kukusanya sheria za kazi za kila nchi, kuzitafsiri, kuzichapisha na kuzilinganisha. Watu hupenda kusoma habari za migomo na hotuba, nami sizidharau, lakini bila makabati ya Basel serikali zisingejua hata jirani zao wameandika nini, na mapatano ya kwanza yasingepatikana.

Badala ya kujaribu kurekebisha kila kitu kwa pamoja kama ilivyofanyika Berlin, jumuiya hiyo ilichagua mambo mawili ambayo ushahidi wake ulikuwa umekamilika: kazi za usiku kwa wanawake viwandani, na fosforasi nyeupe katika viberiti. La pili nalieleza kwa urefu kwa sababu ndilo linaloonyesha vizuri zaidi jinsi kiwango cha kimataifa kinavyozaliwa. Njiti za viberiti zilichovywa katika uji wenye fosforasi nyeupe, na wafanyakazi, wengi wao wanawake na watoto, walivuta mvuke wake kutwa nzima. Mvuke huo uliingia kupitia meno yaliyooza. Maumivu yalianza kama ya jino la kawaida, kisha fizi zikavimba na usaha ukatoka, mfupa wa taya ukafa na kuoza huku mgonjwa akiwa hai, na mara nyingi daktari hakuwa na njia ila kuukata. Madaktari walikuwa wameueleza ugonjwa huo tangu miaka ya 1840. Finland ilipiga marufuku fosforasi nyeupe mwaka 1872, Denmark mwaka 1874. Mwaka 1888 wasichana wa kiwanda cha Bryant & May mjini London waligoma, na ulimwengu ukasikia. Kufikia mwisho wa karne hiyo wakemia wa Ufaransa walikuwa wameshapata mchanganyiko mwingine uliowaka vizuri bila sumu ile. Dawa ilikuwepo, lakini fosforasi nyeupe ilikuwa rahisi kwa bei, na kila nchi iliyoiacha iliwaona wauza viberiti wa nchi nyingine wakiingia sokoni kwake.

Hapo ndipo mkataba ulipohitajika. Wataalamu walikutana Bern mwaka 1905 kuandaa rasimu, na tarehe 26 Septemba 1906 wanadiplomasia wakatia saini mikataba miwili, ya kwanza ya aina yake inayohusisha mataifa mengi. Ule wa kazi za usiku, uliotiwa saini na nchi 14, uliwapa wanawake wa viwandani mapumziko ya saa 11 mfululizo, ambayo ndani yake ni lazima uwemo muda wa saa 4 usiku hadi saa 11 alfajiri. Ule wa fosforasi ulitiwa saini na nchi 7 tu: Ujerumani, Ufaransa, Italia, Uswisi, Denmark, Uholanzi na Luxembourg. Uingereza ilisita, kisha ikajiunga mwishoni mwa mwaka 1908. Marekani haikujiunga, bali mwaka 1912 Bunge lake lilitoza viberiti hivyo kodi nzito kiasi kwamba havikuwa na faida tena. Mkataba ulikataza kutengeneza, kuuza na pia kuingiza nchini, na kipengele hicho cha uingizaji ndicho kilichoziba mwanya wa ushindani. Rasimu za mikataba mingine miwili, ya kazi za usiku za vijana na ya siku ya saa 10 kwa wanawake na vijana, zilikamilika Bern mwaka 1913 na zilitarajiwa kutiwa saini Septemba 1914. Vita Kuu vilianza mwezi mmoja kabla.

Vita vilibadilisha mizani. Serikali zilikuwa zimewaomba wafanyakazi damu na jasho, vyama vyao vilikutana Leeds mwaka 1916 na Bern mwaka 1917 kudai haki za kazi ziandikwe katika mkataba wa amani, na mapinduzi ya Urusi yaliwafanya hata wahafidhina wasikilize. Mkutano wa Amani wa Paris ukaunda, mapema mwaka 1919, kamati ya sheria za kimataifa za kazi chini ya Samuel Gompers, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi vya Marekani. Rasimu iliyojadiliwa ilikuwa ya Waingereza, na miongoni mwa waliokuwa na mkono wao ndani yake alikuwa ofisa kijana wa Kiayalandi, Edward Phelan. Matokeo yake yakawa Sehemu ya Kumi na Tatu ya Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919. Hiyo ndiyo hati ya kuzaliwa ya Shirika la Kazi Duniani, miaka 26 kabla ya Umoja wa Mataifa.

Utaratibu uliowekwa mwaka huo ndio tunaoutumia hadi leo, na laiti wananchi wangeufahamu, nusu ya barua tunazozijibu zisingeandikwa. Kila nchi hupeleka mkutanoni wajumbe 4 wenye kura: wawili wa serikali, mmoja wa waajiri na mmoja wa wafanyakazi. Gompers hakupendezwa na serikali kushika nusu ya kura, lakini hoja iliyoshinda ni kwamba serikali ndizo zitakazoulizwa juu ya utekelezaji. Mkataba hupita kwa theluthi mbili ya kura za wajumbe waliohudhuria. Ukishapita bado haumfungi mtu yeyote. Serikali hupaswa kuupeleka mbele ya mamlaka yenye uwezo wa kutunga sheria, kwa kawaida Bunge, ndani ya mwaka 1, au miezi 18 kukiwa na sababu za pekee. Mamlaka hiyo ikiridhia, nchi inakuwa imefungwa, na inatakiwa kutoa taarifa za utekelezaji. Isiporidhia, mkataba unabaki karatasi muhimu, lakini karatasi. Mapendekezo, ambayo wengi huyachanganya na mikataba, hayaridhiwi kabisa, ni mwongozo. Hili limeelezwa kwenye semina nyingi na halipaswi kuendelea kuwa geni kwa viongozi wa matawi.

Mkutano wa kwanza ulifunguliwa Washington tarehe 29 Oktoba 1919, katika mazingira magumu. Rais Woodrow Wilson alikuwa kitandani kwa kiharusi, na Seneti ya nchi mwenyeji iliukataa Mkataba wa Versailles huku wajumbe wakiendelea na vikao. Marekani ilikuja kujiunga na shirika hilo mwaka 1934. Hata ofisi za kufanyia kazi zilipatikana kwa msaada wa naibu waziri kijana wa Jeshi la Majini, Franklin Roosevelt. Pamoja na hayo ilipitishwa mikataba 6 na mapendekezo 6. Viberiti vilirudi hapo, kwani moja ya mapendekezo hayo lilizitaka nchi zote zijiunge na mapatano ya Bern. Lingine lilihusu huduma za serikali za ukaguzi wa afya kazini, na ukaguzi wa kazi tunaoufanya leo una mizizi yake humo.

Mkataba Na. 1 ndio wa saa 8 kwa siku na saa 48 kwa wiki katika viwanda, na ndio unaotajwa kila siku na watu ambao hawajausoma. Haukuwa sawa kwa wote. Japani iliruhusiwa saa 57 kwa wiki, India iliyokuwa chini ya Uingereza saa 60, na China, Uajemi na Siam ziliachwa nje kabisa. Ugiriki ilikuwa ya kwanza kuuridhia, mwaka 1920. Uingereza, ambayo maofisa wake waliandika rasimu ya shirika lenyewe, haijauridhia hadi leo, na Tanzania pia haimo kwenye orodha ya walioridhia. Kwa hiyo mfanyakazi anayekuja dirishani na kudai saa 8 kwa nguvu ya mkataba huo anadai kwa hati isiyomhusu mwajiri wake, ilhali anayo haki iliyo wazi katika sheria ya nchi yake: saa za kawaida zisizozidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na ziada yoyote ilipwe kwa kiwango cha mara moja na nusu. Saa 45 ni chache kuliko 48 za Washington. Inasikitisha kuona mtu akiliacha lililo bora na kulishika asilokuwa nalo.

Mkataba Na. 3 wa mwaka huohuo ulikataza mwanamke kurejeshwa kazini ndani ya wiki 6 baada ya kujifungua, ukampa haki ya kuondoka wiki 6 kabla, na nafasi mbili za nusu saa kila siku za kunyonyesha. Wiki hizo 6 bado zipo katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayozuia mwajiriwa kurudi kazini ndani ya muda huo isipokuwa kwa idhini ya daktari, na kunyonyesha kumeongezwa hadi saa 2 kwa siku ya kazi. Likizo yenyewe ni siku 84 zenye malipo, 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Kwa hiyo msimamizi anayemwambia mama arudi baada ya mwezi mmoja kwa kuwa "kuna mzigo wa kutoa" anavunja kanuni ambayo mataifa yalikubaliana zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Sasa nifike kwenye hoja kwamba viwango hivi ni vya Wazungu. Ina ukweli wa kihistoria unaouma, na sitaki kuukwepa. Kifungu cha 421 cha Mkataba wa Versailles kilizitaka nchi wanachama zitumie mikataba walioiridhia katika makoloni yao, isipokuwa pale ambapo hali ya mahali haikuruhusu, au kwa marekebisho watakayoona yanafaa. Kupitia tundu hilo watu wetu waliachwa nje. Oktoba 1919, mwezi uleule wa Washington, serikali ya Kenya kwa maelekezo ya Gavana Edward Northey ilitoa waraka uliowataka watumishi wake na machifu wahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, na kila aliyeishi chini ya chifu alijua kuhimizwa huko kulikuwa na maana gani. Wamisionari na marafiki zao London walipinga, na mwaka 1921 Winston Churchill, akiwa Waziri wa Makoloni, akaagiza maofisa wasiwatafutie waajiri binafsi vibarua. Kipande, yaani kitambulisho cha kazi walichovishwa Waafrika, kilibaki shingoni. Tanganyika, iliyokuwa chini ya udhamini wa Shirika la Mataifa (League of Nations), lililotangulia Umoja wa Mataifa, ilikuwa na hati ya mwaka 1922 iliyokataza kazi ya kulazimishwa isipokuwa kwa kazi muhimu za umma, tena kwa malipo ya kutosha. Barabara ngapi zilijengwa chini ya maneno hayo "kazi muhimu", wazee wetu waliozichimba ndio waliojua.

Shinikizo liliongezeka baada ya Mkataba wa Utumwa wa mwaka 1926, na tarehe 28 Juni 1930 ukapitishwa Mkataba Na. 29 wa kazi ya kulazimishwa. Unaieleza kuwa ni kazi au huduma yoyote anayotozwa mtu kwa tishio la adhabu bila yeye kujitolea kwa hiari. Ulipiga marufuku kuwalazimisha watu kazi kwa manufaa ya kampuni na watu binafsi, ukakataza kuwashusha migodini kwa lazima, na kwa kipindi cha mpito ukaruhusu kazi za umma kwa wanaume wenye afya wa miaka 18 hadi 45 tu, zisizozidi siku 60 kwa mwaka. Uingereza iliridhia mwaka 1931, Ufaransa mwaka 1937, Ubelgiji, iliyokuwa ikiwatia Wakongo katika kilimo cha lazima cha pamba, mwaka 1944, na Ureno mwaka 1956. Kuchelewa huko kunajieleza. Tanganyika huru ilijiunga na shirika tarehe 30 Januari 1962 na ikathibitisha siku hiyohiyo kwamba inafungwa na Mkataba Na. 29, Kenya ilifanya hivyo tarehe 13 Januari 1964. Nchi zilizokuwa zimefungiwa nje ya mlango ziliingia kwa kuchagua zenyewe, na mkataba walioutanguliza ni ule uliogusa majeraha yao. Kuuita mkataba huo wa wafadhili ni kuwakosea adabu waliouridhia.

Mkataba huo, katika kifungu cha 25, unazitaka nchi zifanye kazi ya kulazimishwa kuwa kosa la jinai lenye adhabu inayotosha na inayotekelezwa. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya mwaka 2004 ilipotungwa iliweka kwa kosa hilo, na kwa kosa la kuajiri mtoto, faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo cha mwaka 1, au vyote viwili. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira Na. 11 ya mwaka 2005. Afisa kazi anaweza kuingia mahali pa kazi katika saa zinazofaa bila kutoa taarifa kabla, kukagua kumbukumbu, kuhoji, na kutoa hati ya kumtaka mwajiri atekeleze sheria. Mwajiri anayefunga geti mpaka "bosi aje" anajiongezea kosa la pili.

Mwenye mgogoro wake binafsi Tanzania Bara aufikishe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tangu kuachishwa. Migogoro mingine ina siku 60. Anajaza Fomu Na. 1, anampa mwajiri nakala kwanza, kisha anaiwasilisha Tume pamoja na uthibitisho kwamba mwajiri ameipokea. Wengi hukwama kwenye uthibitisho huo, hivyo nakala ya saini ya mapokezi itunzwe. Aliyechelewa aombe kuongezewa muda na aeleze sababu. "Nilikuwa nasubiri jibu kutoka Geneva" si sababu. Usuluhishi hutakiwa kukamilika ndani ya siku 30, ukishindikana shauri huenda kwa mwamuzi, na asiyeridhika na tuzo, yaani uamuzi wa mwamuzi huyo, ana wiki 6 za kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Njia ya Geneva ipo, lakini tangu mwaka 1919 haikuwekwa kwa mtu mmoja mmoja. Malalamiko hupokelewa kutoka chama cha wafanyakazi au cha waajiri, dhidi ya nchi mwanachama, yakiwa ya maandishi, yakitaja kifungu cha 24 cha Katiba ya shirika, yakitaja mkataba ambao nchi hiyo imeuridhia, na yakieleza ni katika jambo gani nchi imeshindwa kuutekeleza. Kamati ya watu watatu, mmoja wa serikali, mmoja wa waajiri na mmoja wa wafanyakazi, huchunguza kama sheria na usimamizi wa nchi vinalingana na ahadi yake. Haiamuru mshahara ulipwe wala haimrudishi mtu kazini. Chama kinachoona tatizo ni la wafanyakazi wengi na kwamba sheria yenyewe ndiyo yenye pengo, kianze kwa kuthibitisha namba ya mkataba na tarehe ulioridhiwa, kisha kikusanye mifano iliyoandikwa tarehe na mahali pa kazi, na nakala ya majibu yote kiliyopewa na mamlaka za nchini.